Kusawazisha Uzito wa Kranki, Pistoni na Flaiwili: Mwongozo Kamili kwa Gereji za Nyanda za Juu Kusini

Katika gereji nyingi za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya hadi Makambako na Ipogolo, injini hufunguliwa, pistoni hubadilishwa, kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hupelekwa kwa mchonga vyuma, kisha vyote hurudishwa mahali pake bila hata kifaa kimoja kupanda mizani. Injini huwaka, mteja hulipa na kuondoka. Baada ya wiki chache hurudi akieleza kwamba mkono wa gia unacheza, kwamba bolti za alteneta zinalegea zenyewe, na kwamba bomba la ekzosi limepasuka palepale lilipochomelewa mwezi uliopita. Fundi hubadilisha maunti za injini, mtetemo hupungua kwa muda, halafu unarudi.

Kazi inayozuia safari hizo za kurudi ni kusawazisha uzito wa sehemu zinazozunguka, ambayo mafundi huiita kubalansi. Wengi huamini kwamba kazi hiyo haiwezekani bila mashine kubwa ya kubalansi, na kwa kuwa mashine haipo jirani, basi huachwa kabisa. Kwa uzoefu wangu jambo hilo limepinduliwa. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani kwa mizani ndogo. Mashine huja mwisho, nayo haiwezi kusahihisha ulichokosea mezani, kwa sababu inapoizungusha kranki peke yake haina habari kwamba pistoni ya tatu imezidi wenzake kwa gramu 12.

Nguvu inatoka wapi

Kitu chochote kinachozunguka huvutwa kutoka katikati kuelekea nje. Ukubwa wa mvuto huo unapatikana kwa kuzidisha uzito wa kitu, umbali wake kutoka katikati, na mraba wa kasi ya mzunguko. Neno la kuzingatia hapo ni mraba. Chukua flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki, ambayo upande mmoja umezidi kwa gramu 10 tu, sentimita 10 kutoka katikati. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gramu hizo 10 huvuta kwa nguvu ya takriban niutoni 99, yaani kama mzigo wa kilo 10 unaoning'inia upande huo. Kasi ikifika 6,000, mvuto hauwi mara mbili bali mara nne: kilo 40, karibu debe mbili za mahindi, zikivuta juu, kulia, chini na kushoto mara 100 katika kila sekunde. Beringi za kranki ndizo zinazobeba mzigo huo.

Ndiyo maana dereva wa lori la mbao kutoka Mafinga anayeteremka Kitonga kwa gia ndogo, akiiacha injini ipande kutoka mzunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, anaongeza mvuto wa kila kasoro ya uzito iliyomo ndani kwa zaidi ya mara mbili, hata kama mguu wake haujagusa mafuta. Kasoro ambayo ilikuwa imelala kwenye tambarare huamka mteremkoni.

Kasoro zenyewe ziko za aina tatu, na ni lazima fundi azitofautishe kwa sababu tiba zake hazifanani. Ya kwanza ni uzito uliozidi upande mmoja wa duara. Kifaa chenye kasoro hiyo ukikiweka kwenye reli mbili laini kitabingirika chenyewe mpaka upande mzito uelekee chini, kwa hiyo unaweza kuikamata bila kukizungusha kwa kasi. Ya pili ni ya vifaa virefu kama kranki: ncha ya mbele imezidi upande wa juu, na ncha ya nyuma imezidi upande wa chini kwa kiasi kilekile. Kwenye reli kranki hiyo hutulia popote, ukadhani ni nzima. Ikianza kuzunguka, ncha zake huvutana kama watu wawili waliobeba gogo, mmoja akielekea kushoto na mwenzake kulia. Hii haionekani mpaka kifaa kizungushwe kwenye mashine yenye vipimo vya ncha zote mbili.

Aina ya tatu haitokani na mzunguko bali na pistoni, ambazo hupanda, husimama na kushuka. Pistoni na konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, haziendi kwa mwendo ulio sawa juu na chini. Chukua injini ambayo pistoni yake husafiri milimita 100 na konrodi yake ina urefu wa milimita 160. Kranki ikizunguka robo ya kwanza kutoka juu, ungetegemea pistoni iwe imeshuka nusu ya safari, yaani milimita 50. Ukipima utaikuta imeshuka milimita 58. Robo ya juu huenda haraka kuliko robo ya chini. Katika injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni mbili hupanda wakati mbili zinashuka, zikafutana kwa sehemu kubwa, lakini tofauti hiyo ya milimita 8 haifutiki. Hubaki kama mtikisiko wa juu na chini unaotokea mara mbili katika kila mzunguko. Hata ukizipima pistoni zako kwa mizani ya sonara, mtikisiko huo utabaki, kwa kuwa umetokana na umbo la injini. Injini ya silinda sita za mstari mmoja, kama 1HZ iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi zinazopita barabara zetu za vumbi, hujifuta mitikisiko yote miwili kwa mpangilio wa kranki yake, na utulivu wake unatokana hasa na hilo.

Kabla ya kufungua chochote

Anza kwa kuhakikisha kwamba tatizo ni uzito. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya au Njombe inapouma, injini ya dizeli yenye plagi ya hita iliyokufa hutetema kama imeharibika kranki, kumbe silinda moja haijaanza kuchoma. Kwa hiyo pima injini ikiwa imepata moto wa kawaida. Ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya bomba la injekta moja baada ya nyingine, au kwa petroli chomoa waya wa plagi kwa uangalifu. Silinda ambayo haibadilishi mlio wa injini inapokatwa ndiyo isiyofanya kazi. Injini zenye mfumo wa dizeli wa komoni reli, ambapo bomba moja la shinikizo kubwa hulisha injekta zote, usizilegeze nati hata kidogo, kwa sababu shinikizo lililomo huweza kupenya ngozi. Tumia kompyuta ya uchunguzi.

Silinda zote zikiwa zinafanya kazi, simamisha gari, weka gia huru na upandishe mzunguko taratibu. Mtetemo unaokuja gari likiwa limesimama ni wa injini au klachi. Unaokuja tu gari likitembea, na kufuata mwendo wa gari bila kujali gia, utafute kwenye matairi au propela shafti. Kisha kanyaga klachi huku injini ikiwa kwenye mzunguko ule unaotetema. Diski ya klachi itaachiwa na kupunguza mwendo, ilhali presha pleti (sahani inayoibana diski hiyo) na flaiwili zitaendelea kuzunguka na kranki. Mtetemo ukiisha, shuku diski au shafti ya kuingilia giaboksi. Ukibaki, kosa liko kwenye presha pleti, flaiwili, puli ya mbele au ndani ya injini. Jaribio hili la nusu dakika limeniokolea kazi ya siku mbili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ukishaamua kufungua, piga alama kwa senta panchi kabla ya kulegeza bolti: alama moja kwenye flaiwili na nyingine kwenye kranki mkabala wake, vivyo hivyo kwa presha pleti na flaiwili, na namba kwenye kila konrodi na kifuniko chake. Zipo injini ambazo flaiwili na puli ya mbele zilitengenezwa makusudi zikiwa na uzito upande mmoja ili kukamilisha uzito wa kranki. Kwenye injini ya namna hiyo, flaiwili ya kutoka injini nyingine, hata ikiingia bolti zote, itaharibu kila kitu.

Mizani na meza

Mizani ndogo za kidijitali kama zile wanazotumia wanunuzi wa dhahabu Chunya husoma hadi sehemu ya kumi ya gramu au chini zaidi, lakini nyingi hufikia gramu 500 tu, na pistoni ya dizeli pamoja na pini yake huweza kukaribia kilo moja au kuizidi. Tafuta mizani inayobeba angalau kilo 3 na kusoma gramu 1 kwa dizeli, au sehemu ya kumi ya gramu kwa injini ndogo za petroli zinazozunguka kwa kasi. Iweke juu ya meza isiyoyumba, ndani, mbali na mlango, kwa kuwa upepo wa alasiri unatosha kuchezesha tarakimu. Pima kitu kilekile mara tatu. Kama majibu hayafanani, rekebisha mizani kabla ya kulaumu pistoni.

Vifaa vioshwe hadi visiwe na oili wala kaboni. Kaboni iliyoganda juu ya pistoni na ndani ya mifereji ya ringi ina gramu za kutosha kukupotosha.

Pistoni na konrodi

Hapa ndipo penye utajiri wa kazi yote. Pima kila pistoni ikiwa na pini yake, ringi zake na klipu zake, uandike. Kisha pima konrodi, lakini si kwa jumla tu, kwa sababu ncha zake mbili zinafanya kazi mbili tofauti: jicho dogo hupanda na kushuka na pistoni, jicho kubwa huzunguka na kranki. Konrodi mbili zenye jumla moja zinaweza kugawana uzito tofauti kabisa.

Kupima ncha kunahitaji kijistendi ambacho fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Simika nguzo yenye pini laini, ikiwezekana yenye beringi ndogo, na upitishe jicho dogo kwenye pini hiyo. Jicho kubwa likae juu ya kigingi kilichosimama kwenye mizani, ili konrodi nzima ilale sawasawa na vitovu vya macho yote mawili viwe kwenye kimo kimoja. Soma, kisha geuza na upime ncha ya pili kwa namna hiyohiyo. Jumla ya ncha mbili lazima ilingane na uzito wa konrodi nzima. Ukipata gramu 715 kwa jicho kubwa na 305 kwa jicho dogo, konrodi nzima inapaswa kuwa na gramu 1,020. Kama mizani inakuambia 1,026, stendi yako inakwama au konrodi haijalala sawa.

Sasa tazama mfano wa injini ya silinda nne. Pistoni zimepimwa zikaleta gramu 1,012, 1,009, 1,015 na 1,008. Macho madogo ya konrodi yameleta 307, 302, 308 na 305. Fundi mwenye haraka atachukua grainda na kuanza kula aluminiamu hadi pistoni zote zifike 1,008. Gramu 7 za aluminiamu ni zaidi ya sentimita mbili na nusu za ujazo, kiasi ambacho huwezi kukiondoa ndani ya pistoni bila kuidhoofisha. Mwenye subira atapanga upya: pistoni ya 1,015 na jicho la 302 hutoa 1,317, ya 1,012 na 305 hutoa 1,317, ya 1,009 na 307 hutoa 1,316, na ya 1,008 na 308 hutoa 1,316. Tofauti imebaki gramu moja, na hakuna kilichokatwa. Masharti ni mawili: kifuniko cha konrodi kisiachane na konrodi yake, na nafasi ya kila pistoni ndani ya silinda yake mpya ipimwe tena kabla ya kukubali mpango huo.

Pale ambapo kupanga hakutoshi, mpunguze yule mzito hadi amfikie mwepesi. Kwenye pistoni, chuma hutolewa ndani, chini ya vitako vya pini au ukingoni mwa sketi, kamwe si kwenye kichwa wala karibu na mifereji ya ringi. Kwenye konrodi, watengenezaji wengi huacha vinundu kwenye kifuniko cha jicho kubwa na juu ya jicho dogo kwa ajili hiyo hasa. Kata hapo tu, mikwaruzo ifuate urefu wa konrodi, halafu lainisha kwa msasa, kwa kuwa mkwaruzo unaokatiza upana ndio unaogeuka kuwa ufa. Shingo ya konrodi usiiguse. Lengo la gramu 1 kati ya silinda na silinda linafikika kwa injini ndogo. Kwa dizeli ya lori, gramu 2 au 3 ni kazi nzuri. Tofauti ikizidi gramu 10 kati ya pistoni mpya zilizonunuliwa kama seti, zirudishe dukani. Mara nyingi utakuta moja imetoka boksi jingine, au silinda moja ilipata pistoni ya mtengenezaji mwingine wakati wa matengenezo yaliyopita.

Jicho kubwa lina hesabu yake peke yake, pamoja na bolti na maganda ya beringi. Linganisha manne hayo yenyewe kwa yenyewe.

Kranki

Kabla ya kuzungumzia uzito wa kranki, hakikisha imenyooka na haina ufa. Ilaze kwenye vitalu viwili vyenye mfereji wa V kupitia beringi za mwisho, weka geji ya saa kwenye beringi ya katikati, na uizungushe taratibu. Geji ikicheza milimita 0.10, kranki imepinda nusu ya hiyo, milimita 0.05. Kitabu cha injini yako kina kikomo chake, na kwa injini nyingi ndogo geji haitakiwi kuzidi karibu milimita 0.05 au 0.06. Kranki iliyopinda haisawazishwi kwa kutobolewa. Kwanza hunyooshwa, au hutupwa.

Kukereza pini kwa kipimo cha milimita 0.25 hakubadilishi uzito kwa kiasi cha kutisha, kwa kuwa pini zote hupoteza chuma kiasi kimoja. Kujaza pini moja kwa kuchomelea, jambo ambalo hufanyika, hubadilisha uzito na pia hupinda kranki kwa joto. Kranki ya namna hiyo isifungwe bila kupita kwenye mashine. Toa pia vizibo vya mifereji ya oili na usafishe ndani, kwa sababu tope lililoganda humo ni uzito unaoweza kuhama siku moja.

Kwenye mashine, kranki hulazwa juu ya vishikio viwili vyenye vihisio na kuzungushwa kwa mkanda kwa kasi ya wastani, mara nyingi mzunguko wa mia kadhaa tu kwa dakika, kwani mahali pa uzito uliozidi hapabadiliki kasi inapoongezeka. Mashine huonyesha gramu na pembe kwa kila ncha. Fundi hutoboa kwenye vipingauzito, yaani zile sehemu nene za kranki zilizo mkabala na pini, kisha huzungusha tena, kwa maana kutoboa upande wa mbele hubadilisha kidogo usomaji wa nyuma. Kranki ya silinda nne au sita za mstari mmoja huzungushwa tupu. Ya injini ya V huhitaji kwanza kufungwa vizito vya muda kwenye pini zake. Kwa V8 ya nyuzi 90, kila kizito huwa ni uzito wote wa sehemu zinazozunguka na nusu ya uzito wa zile zinazopanda na kushuka. Ndiyo sababu mwenye mashine atakudai vipimo vya pistoni na konrodi, na kama hukupima mezani, hutakuwa na la kumwambia.

Kranki ikihitaji kusafirishwa mbali, iwekwe kwenye sanduku la mbao lenye vigingi chini ya beringi. Kuilaza juu ya magunia nyuma ya Canter ni kuikaribisha ipinde.

Flaiwili na presha pleti

Kati ya mitetemo niliyowahi kuifuatilia hadi mwisho, mingi ilikomea hapa. Nakumbuka lori moja la mbao ambalo injini yake tuliifunga kwa uangalifu mkubwa, pistoni zikiwa zimepishana kwa gramu 2 tu, na bado likatetema kuanzia mzunguko wa 1,800. Flaiwili ilikuwa imepelekwa kulainishwa uso, na aliyeikereza aliishika kwa meno ya stata badala ya kuipanga kwa tundu la katikati. Uso ulitoka laini kama kioo, lakini upande mmoja ulikuwa umeliwa zaidi ya mwingine. Makosa yalikuwa yangu pia, kwa sababu niliipokea na kuifunga bila kuipima.

Flaiwili ni pana lakini si ndefu, kwa hiyo kasoro yake huwa zaidi ya ile aina ya kwanza, na unaweza kuisawazisha kwenye reli bila mashine. Tafuta shafti mbili za chuma kigumu zilizonyooka na laini, uzilaze sambamba juu ya stendi imara, na uzipime kwa pima maji kwa urefu na kwa kukatiza. Kereza mhimili unaoingia tundu la katikati la flaiwili bila kuchezacheza. Iweke juu ya reli na uiache ibingirike. Upande unaokaa chini uwekee alama kwa chaki. Rudia mara tano kutoka mahali tofauti. Chaki zikiangukia mahali pamoja, umeupata upande mzito. Zikitawanyika, ama flaiwili iko sawa ama reli zako zina uchafu.

Bandika kipande cha udongo wa plastisini upande wa juu, mkabala na alama, kwa umbali uliopimwa kutoka katikati. Ongeza au punguza mpaka flaiwili itulie popote utakapoiacha. Jaribio kali zaidi ni kuuelekeza upande mzito pembeni, sawa na saa tatu. Ikitulia hapo, imesawazika kadiri reli zinavyoweza kuonyesha. Pima plastisini kwenye mizani. Tuseme ni gramu 9 kwa umbali wa milimita 130. Zidisha: 1,170. Kama mahali panapofaa kutobolewa ni milimita 115 kutoka katikati, gawanya 1,170 kwa 115, upate gramu 10.2 za kuondoa upande mzito. Tundu la milimita 10 kwenye chuma cha kalibu hutoa takriban gramu 0.57 kwa kila milimita ya kina, hivyo unahitaji kina cha milimita 18 kwa jumla. Usitoboe tundu moja refu. Toboa mawili ya milimita 9, moja kila upande wa alama, kwa nafasi sawa. Yakiachana mbali zaidi ya vidole viwili, nguvu yake hupungua na itabidi uongeze kina kidogo. Toboa uso unaotazama injini, karibu na ukingo, kamwe si uso wa klachi. Kuongeza uzito upande mwepesi kwa kuchomelea hakufai kabisa kwa chuma cha kalibu, kwa sababu hupasuka.

Usawa wa kiasi gani unatosha? Kiwango cha kimataifa cha ISO 21940-11, kilichochukua nafasi ya ISO 1940-1, hupanga mashine katika madaraja. Daraja G 6.3 hutumika kwa mashine nyingi za kawaida. Kwa flaiwili ya kilo 12 inayofika mzunguko 3,000 kwa dakika, daraja hilo huruhusu kasoro ya gramu-milimita 240, yaani chini kidogo ya gramu 2 ukingoni kwa milimita 130. Reli nzuri hufika karibu na hapo.

Flaiwili ikishakuwa sawa, ifunge presha pleti kwenye alama zake na urudie jaribio zikiwa pamoja. Kasoro ikionekana sasa, ni ya presha pleti, na hiyo ndiyo ya kutobolewa pembezoni. Diski ya klachi haihusiki katika jaribio hili.

Puli ya mbele na shafti za kusawazisha

Puli ya mbele yenye mpira katikati ina kazi tofauti, na wengi huichanganya na balansi. Kranki hujipindua kidogo kila silinda inapolipuka, kama kitambaa kinachokamuliwa, na puli hiyo hunyonya mpinduko huo. Mpira ukioza, pete ya nje huteleza na injini huweza kukata kranki hata kama kila kitu kimepimwa kwa gramu. Chora mstari mmoja kutoka kitovu hadi pete ya nje, endesha wiki moja, utazame. Mistari ikiachana, nunua puli nyingine. Usiitoboe wala kuibadilisha na puli ya chuma kitupu.

Ule mtikisiko wa silinda nne usiofutika hutibiwa kiwandani kwa shafti mbili ndogo zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kinyume kwa kasi mara mbili ya kranki. Injini ya 4D56 ya Mitsubishi Pajero inazo, zikiendeshwa na mkanda wake mdogo. Mafundi wengine huuondoa mkanda huo, kwa kuwa ukikatika huweza kujisokota kwenye mkanda wa taimingi. Injini itaendelea kufanya kazi, ila mteja aambiwe kwamba itatikisika zaidi, na kama shafti zenyewe zimetolewa, vitundu vyake vya oili vizibwe vizuri, la sivyo presha ya oili itashuka. Mimi hupendelea kuweka mikanda yote miwili mipya na kupanga alama.

Wakulima wa mpunga wa Mbarali wanalijua tatizo hili kwa mikono yao. Pawatila (trekta ndogo za mkono) zenye injini ya silinda moja ya aina ya S195 zina shafti mbili za kusawazisha zilizofungwa kwa gia zenye alama. Jino moja likikosewa wakati wa kufunga, shafti hazitaufuta tena mtikisiko inavyotakiwa, na mashine itarukaruka kiasi cha kulegeza bolti za fremu. Kabla ya kutoa gia hizo, zungusha hadi alama zote zikutane, upige picha kwa simu.

Mashine za kusaga nazo, ingawa si injini, hufuata sheria ileile: nyundo zibadilishwe seti nzima, zipimwe, na zile zilizo mkabala ziwe na uzito mmoja. Kubadilisha nyundo mbili zilizovunjika peke yake ni kuua beringi. Ama turbo, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, usiisawazishe kwa mkono kwa namna yoyote. Ipelekwe penye mashine yake, au inunuliwe kitovu chake kipya kilichokwisha kusawazishwa.

Kufunga na kujaribu

Funga kwa alama ulizopiga, bolti zikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu, na maunti zilizochoka zibadilishwe sasa, baada ya kazi, ili zisifiche kasoro. Injini ikipata moto, weka bilauri ya maji nusu juu ya kifuniko cha vali na upandishe mzunguko polepole, ukitazama viwimbi. Vikiongezeka taratibu pamoja na kasi, huenda kuna uzito uliobaki unaozunguka. Vikivimba kwenye mzunguko mmoja tu na kutulia juu yake, hapo kuna bomba, breketi au kifuniko kinachoitikia mtetemo, na hicho hukazwa au kuongezewa tegemeo bila kuifungua injini.

Mwisho, andika kwenye daftari namba ya injini, uzito wa kila pistoni na wa kila ncha ya konrodi, na mahali ulipotoboa. Siku silinda moja itakapohitaji pistoni mpya, utakwenda dukani na mizani mfukoni na tarakimu mkononi, badala ya kufungua zote nne kutafuta zilikuwa na uzito gani.